Kaa Akijivua Gamba, Mkono Ukae Nje ya Tangi

Unachungulia kwenye tangi la kioo asubuhi na kukuta kaa wawili, ilhali jana usiku alikuwa mmoja. Mmoja kajibanza nyuma ya kigae, rangi yake mpya, hataki kuonekana. Wa pili amelala peupe. Miguu ipo, magando yapo, macho yapo, ila hatikisiki. Wafugaji wengi wanaoanza humchukua huyu wa pili wakidhani amekufa, wakamtupa jalalani, kisha wakamchokoa yule wa kwanza kwa kijiti wapate kujua kama yu mzima. Kwa dakika chache wamefanya makosa mawili yanayoweza kumgharimu kaa maisha yake. Aliyelala peupe ni gamba tupu, na gamba hilo ndilo mlo wa kwanza wa mwenyewe. Aliyejibanza ndiye kaa, na kwa saa hizo mwili wake hauna sehemu hata moja ngumu ya kumkinga na kijiti.

Mwongozo huu ni kwa yeyote wa Korogwe au Handeni anayefuga kaa nyumbani: mwalimu aliyeweka tangi darasani, kijana aliyeokota kaa mtoni, au mzazi ambaye watoto wamemletea mgeni ndani ya ndoo. Neno langu kuu ni moja. Kaa hufaulu au hushindwa kujivua gamba kwa sababu ya mambo yaliyofanyika wiki kadhaa kabla ya usiku wenyewe. Maji, chakula na maficho ndivyo vinavyoamua. Usiku ukifika, kazi ya mkono wako imekwisha.

Kwa nini gamba livuliwe

Gamba la kaa ndiyo mifupa yake, isipokuwa imekaa nje ya mwili. Limejengwa kwa kitini iliyokazwa na madini ya chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na likishakauka halipanuki tena. Nyama ya ndani huendelea kukua huku gamba likibaki na kipimo chake, kama kiatu cha shule cha mwaka jana. Kaa hana njia nyingine ya kuongezeka ukubwa ila kulivua na kutengeneza jingine.

Kazi hiyo huongozwa na homoni. Kwenye vikonyo vya macho ya kaa hutengenezwa homoni inayozuia kujivua. Homoni hiyo ikipungua, tezi nyingine iliyo sehemu ya mbele ya mwili hutoa homoni ya kuanzisha kazi. Gamba jipya, laini na lenye mikunjo, hutandikwa taratibu chini ya lile la zamani. Wakati huohuo sehemu ya kalsiamu ya gamba kuukuu hunyonywa na kurudishwa mwilini iwe akiba.

Saa ikiwadia, kaa hufyonza maji mengi, mwili unavimba, na gamba linaachia kwa nyuma, pale mgongo unapokutana na kifuniko cha tumbo. Anatoka kinyumenyume. Anavua kila kitu: magando, miguu minane, utando wa macho, utando wa matamvua anayopumulia, hata bitana ya ndani ya tumbo. Ndiyo maana gamba tupu hufanana na kaa kamili na kumdanganya mfugaji.

Kaa mchanga hujivua kila baada ya wiki chache. Mkubwa anaweza kukaa miezi mingi, akajivua mara moja au mbili kwa mwaka, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuchelewa. Kwa hiyo usishangae kaa mdogo akikupa magamba matatu kabla kaka yake hajavua hata moja.

Jua kaa uliye naye

Kaa wa mito yetu ni wa jenasi Potamonautes, kundi la kaa wa maji baridi wa Afrika. Huyu huzaliwa, hukua na kufa bila kuiona bahari. Jike hubeba mayai machache makubwa chini ya kifuniko cha tumbo, na watoto wanapoanguliwa tayari ni kaa wadogo waliokamilika, ambao mama huendelea kuwabeba kwa muda. Ukishika jike na kukuta mayai au watoto tumboni, mrudishe pale pale ulipomtoa. Kizazi kizima cha kijito kinaweza kuwa mkononi mwako.

Upande wa Korogwe, Mto Lwengera unashuka kwenye bonde linalotenga Usambara ya Mashariki na ya Magharibi, kisha unaingia Pangani. Upande wa Handeni mito kama Msangazi hupungua sana kiangazi, na kaa wa mito ya namna hiyo huchimba mashimo kingoni na kujifungia kwenye unyevunyevu. Jambo hili lina maana kwa tangi lako. Kaa wa bondeni amezoea joto. Kaa aliyetolewa kwenye kijito cha baridi cha mlimani akishushwa Korogwe mjini, mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, huteseka, na kaa anayeteseka kwa joto hujivua vibaya. Chagua kaa wa bondeni.

Msituni usichukue kaa kabisa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 ndani ya wilaya za Muheza na Korogwe, ina viumbe wasiopatikana sehemu nyingi duniani. Mmoja wao ni kaa anayeishi kwenye mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua, Potamonautes raybouldi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2004 kwa heshima ya John Raybould, mtafiti wa inzi weusi wa Amani. Kaa huyo anajulikana Usambara ya Mashariki na Milima ya Shimba nchini Kenya. Mwache kwenye mti wake.

Habari ya inzi hao inakuhusu pia. Inzi mweusi anayeeneza ugonjwa wa usubi huko Amani hulelewa juu ya miili ya kaa wa mtoni: viluwiluwi vyake hujishikiza kwenye gamba. Kaa mpya ukimkuta na vijidudu vidogo vilivyonata kwenye gamba au mashina ya miguu, mpanguse kwa mswaki laini kabla hajaingia tangini. Fanya hivyo siku ya kwanza tu, gamba likiwa gumu.

Na wewe mwenyewe jihadhari. Mto Pangani una mamba, na maji yaliyotuama yana kichocho. Okota kaa kwenye kijito chembamba chenye maji yanayotembea, mchana, ukiwa na mwenzako, na usiwatume watoto peke yao.

Tangi: maji kidogo, maficho mengi

Kaa mmoja mkubwa anatosheka na tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kimo cha sentimita 40. Fundi wa vioo na alumini anaweza kulitengeneza. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, kisha liache tangi likauke hadi harufu ya siki iishe kabisa, ndipo ulioshe kwa maji matupu bila sabuni. Asiye na uwezo wa kioo atumie beseni pana la plastiki. Kaa hajali sura ya nyumba, anajali kilichomo.

Kilichomo kiwe hivi:

1. Mchanga wa mto uliooshwa mara nyingi hadi maji yatoke meupe. Weka unene wa sentimita 5 au zaidi, maana kaa hupenda kuchimba kabla ya kujivua.

2. Maji ya kina cha kufunika mgongo wa kaa na kuzidi kidogo, sentimita 8 hadi 12. Kaa wa mtoni hupumua majini, lakini hewa ya majini ikipungua hutaka kutoka juu. Kina kifupi humwezesha kufanya hivyo, na pia hukuokoa umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazima.

3. Sehemu kavu, theluthi moja ya tangi, iliyojengwa kwa mawe yaliyopangwa imara yasiporomoke. Jiwe likimwangukia kaa mlaini hakuna la kumsaidia.

4. Maficho mawili kwa kila kaa, moja majini na jingine pembezoni. Kigae cha mtungi, kifuu cha nazi chenye tundu, au kipande cha bomba la plastiki vinatosha. Tundu liwe pana, kwa kuwa kaa atatoka humo akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

5. Kifuniko cha wavu wa chuma chenye uzito. Kaa hupanda kona za silikoni na kutoroka usiku.

Kaa wawili katika tangi dogo ni ugomvi unaosubiri siku. Siku hiyo ni ile mmoja wao atakapojivua, kwa sababu kaa hula kaa mwenzake akiwa laini. Samaki hali kadhalika: perege au kambale hawezi kuona nyama laini akaiacha. Tangi moja, kaa mmoja. Ukitaka wawili, weka kizuizi cha kioo katikati.

Maji ya Korogwe, maji ya Handeni

Maji ya bomba ya Handeni kwa miongo mingi yamekuwa yakivutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kupitia mradi unaojulikana kwa jina la HTM. Ni maji ya mto uleule wa kaa, lakini yakishatiwa dawa ya klorini hayamfai mpaka klorini itoke. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24. Nasema ndoo iliyo wazi, kwa sababu dumu lililofungwa huihifadhi klorini humo humo. Ndoo ikae chumba kimoja na tangi, ili siku ya kubadilisha maji joto liwe sawa.

Visima ni habari nyingine. Baadhi ya visima vya Handeni hutoa maji yenye ladha ya chumvi, na hayo usiyatumie kwa kaa wa mtoni. Kisima kisicho na chumvi lakini kinachoacha utando mweupe ndani ya sufuria, na ambacho maji yake hayatoi povu la sabuni kirahisi, kina madini ya chokaa kwa wingi. Maji hayo ni baraka kwa kaa.

Maji ya mvua yana kasoro iliyo kinyume: ni laini mno, hayana madini. Mengi ya maji ya vijito vya Usambara pia ni laini, kwa vile hupita juu ya miamba isiyo na chokaa. Ukitumia maji ya mvua, weka tangini kiganja cha maganda ya konokono au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa. Na yasiwe maji yaliyotiririka kutoka kwenye bati jipya, kwani zinki inayotoka humo ni sumu kwa wanyama wa jamii ya kaa na kamba.

Hapa kuna hatari ya jina. Tunaposema kaa anahitaji chokaa, haimaanishi chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo huunguza. Hata kijiko kimoja tangini kinaweza kumuua kaa kabla ya jioni.

Badilisha robo ya maji kila wiki, na toa mabaki ya chakula kila asubuhi. Mara kaa atakapoonyesha dalili za kujivua, fanya badiliko moja dogo la mwisho, kisha uache.

Sumu zilizo ndani ya nyumba

Kaa ni jamaa wa wadudu, na dawa nyingi zinazoua wadudu humuua yeye kwa kiasi kidogo sana. Sisi tunaishi kwenye eneo la malaria. Hatuwezi kuacha kujikinga na mbu. Kwa hiyo tangi ndilo lipangwe vizuri.

Usifunike tangi kwa kipande cha chandarua chenye dawa, hata kikiwa cha zamani. Dawa iliyo kwenye nyuzi hutoka zinapolowa. Usipulizie dawa ya mbu kwenye chumba chenye tangi. Kama ni lazima, funika tangi kwa nailoni, zima pampu, ingiza hewa chumbani, ndipo ufunue. Kaa aliyetoka kwenye gamba hana kinga yoyote, na kipindi hicho ndipo dawa hizi humwangusha haraka zaidi.

Shambani nako kuna mambo. Ndoo iliyochanganyiwa mrututu au dawa ya kupulizia machungwa isiguse maji ya kaa hata ikioshwa mara kumi. Mrututu ni madini ya shaba, na shaba ni adui mkubwa wa kaa. Kwa sababu hiyo hiyo soma karatasi ya dawa ya samaki kabla ya kuitia tangini: nyingi za dawa za ukungu na vimelea zina shaba.

Usichote maji wala kuokota kaa chini ya mahali maji ya korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, yanapoingia mtoni, kwani juisi ya mkonge huua viumbe wa majini na kumaliza hewa ya maji. Pia kaa mbali na vijito vinavyopita kwenye machimbo madogo ya dhahabu, ambako zebaki hutumika kukamatia dhahabu.

Mlo unaojenga gamba

Kaa anayelishwa ugali na wali tu atashiba lakini gamba lake litakuwa jepesi. Mtoni yeye ni mlaji wa kila kitu: majani yaliyooza, wadudu, konokono, samaki waliokufa. Mlo wake wa nyumbani ufuate hapo.

Msingi uwe majani makavu. Majani ya mkungu yaliyoanguka yenyewe, au ya mpera, yaoshwe, yalowekwe siku moja, yaachwe tangini wakati wote. Kaa atayatafuna kwa wakati wake. Mara tatu kwa wiki mwongezee mboga kidogo iliyopitishwa kwenye maji ya moto, kama mchicha, majani ya maboga au kipande cha karoti. Mboga iwe haijapigwa dawa. Mara mbili kwa wiki mpe dagaa mkavu mmoja au wawili asiye na chumvi. Wa chumvi mloweke na kumsuuza vizuri. Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ina kalsiamu.

Juu ya hayo, kalsiamu ya akiba iwepo kila siku. Ganda la yai lililochemshwa na kupondwa ni bure na linatosha. Mtu akienda Tanga au Pangani, mwagize mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni. Uoshe, uloweke siku mbili ukibadilisha maji, kisha utie kipande tangini. Maganda matupu ya konokono wa bustanini nayo hutafunwa kidogo kidogo.

Usidhani haya ni mambo ya kubuni. Kisiwani Jamaica kuna kaa, Metopaulias depressus, anayelea watoto kwenye maji ya mvua yaliyokusanyika katikati ya majani ya mmea. Maji hayo hayana madini ya kutosha, basi mama hukusanya maganda ya konokono na kuyatumbukiza humo, watoto wapate kalsiamu. Unapotia ganda la yai tangini unafanya kazi ambayo kaa mwenyewe huifanya pale mazingira yanapomruhusu.

Dalili kwamba siku imekaribia

Ya kwanza ni kukataa chakula. Kaa aliyekuwa akimkimbilia dagaa anamwacha aoze. Ya pili ni kujificha mchana na usiku, na kuchimba. Ya tatu ni rangi: mgongo unafifia, na kwenye viungo vya miguu panaonekana weupe au uwekundu usiokuwepo. Ya nne ni mwanya mwembamba nyuma ya mgongo, juu ya kifuniko cha tumbo. Ukiuona mwanya huo, zimebaki saa.

Kaa aliyepoteza mguu ana dalili ya ziada. Mahali pa mguu hutokea kichipukizi kilichokunjwa, ambacho huvimba kadiri siku inavyokaribia. Akijivua, kichipukizi hukunjuka na kuwa mguu, mdogo kwanza, ukikua zaidi kila anapojivua tena.

Dalili mbili zikionekana pamoja, fanya haya siku hiyo hiyo:

1. Mhamishe jirani yake yeyote, samaki au kaa. Mhamishe jirani, usimhamishe yeye.

2. Toa mabaki yote ya chakula isipokuwa majani makavu na maganda ya mayai.

3. Hakikisha mawe hayachezi na pampu inafanya kazi. Kama huna pampu, shusha kina cha maji hadi mgongoni mwa kaa.

4. Funika upande mmoja wa tangi kwa kitambaa cheusi, na zima taa.

5. Waeleze watoto na wageni wa nyumbani kwamba tangi haliguswi.

Usiku wenyewe

Kaa wengi huchagua usiku. Kutoka kwenye gamba kunaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Atalala ubavu, atatetemeka, atapumzika kwa muda unaokutia hofu, kisha atajisukuma tena. Vyote hivyo ni kawaida. Usimgeuze, usimvute, usimwagie maji, usimmulike kwa tochi ya simu ili upate picha. Kaa anayeshtushwa katikati ya kazi anaweza kuachia mguu au gando, au kushindwa kutoka kabisa.

Ukitaka kujua kama kilicholala ni gamba au maiti, angalia bila kugusa. Gamba tupu liko wazi kwa nyuma, mwanga hupita kwenye macho na miguu, na halinuki. Maiti ni nzito, haina mwanya, na ndani ya siku moja harufu yake haifichiki. Ukibaki na shaka, subiri saa 24. Hakuna hasara katika kusubiri.

Siku za baada

Gamba liache tangini. Kaa atalirudia na kulila, lote au nusu, na kurudisha kalsiamu aliyoiacha humo. Ukilitoa kwa sababu linachafua tangi umemnyang'anya kilicho chake.

Saa za kwanza anafyonza maji na kutanuka. Hapo ndipo ukubwa mpya unapopatikana. Kisha ugumu unaanza. Kaa mdogo huimarika kwa siku chache, mkubwa anaweza kuhitaji wiki nzima au zaidi. Meno na taya zake pia zilikuwa sehemu ya gamba, kwa hiyo zile mpya bado ni laini, hana kigumu cha kutafunia. Usimpe chakula siku mbili au tatu za kwanza. Siku ya nne weka kipande kidogo cha dagaa karibu na maficho wakati wa jioni. Asipokila, kitoe asubuhi na ujaribu tena kesho yake. Akianza kula kila siku na kutembea peupe, mrudishie utaratibu wa kawaida, ubadilishe maji robo, na jirani yake asirudi kabla ya siku kumi na nne.

Yakienda kombo

Akikwama nusu ndani nusu nje, kosa kubwa ni kumvuta. Miguu itabaki ndani ya gamba na matamvua yatachanika. Unaloweza kufanya ni kuongeza hewa ya maji kwa pampu, kupunguza kina, na kuondoa mwanga. Baadhi hujikwamua baada ya saa nyingi. Wengine hawajikwamui, na huo si wakati wa kumlaumu mtu. Ni wakati wa kupitia upya maji na mlo kwa ajili ya kaa ajaye.

Akitoka bila gando au miguu miwili mitatu, anaweza kuishi. Mlishe vizuri na atachipua upya. Akitoka akiwa amepinda mgongo, mara nyingi ni nafasi finyu au jiwe lililombana, panua maficho. Gamba likibaki laini baada ya wiki mbili, kalsiamu imepungua: ongeza maganda ya mayai na acha kutumia maji ya mvua pekee. Akifa, mzike shambani. Usimpikie mtu wala paka, hasa kama hujui alitoka maji gani.

Aliyeletwa kutoka pwani

Familia nyingi zinazokwenda kutembea Pangani au Tanga hurudi na wale kaa wadogo wa ufukweni wanaobeba makombe ya konokono. Huyo ni mnyama wa nchi kavu. Ukimtia ndani ya maji atakufa. Anahitaji mchanga wenye unyevu wa kushikamana mkononi, wenye kina mara tatu ya kimo chake, tena usipungue sentimita 15, kwa sababu hujizika kabisa anapojivua na anaweza kukaa chini wiki kadhaa. Usimfukue kwa kudhani amekufa. Mwekee visahani viwili, kimoja cha maji baridi yasiyo na klorini na kimoja cha maji ya bahari, pamoja na makombe matupu makubwa zaidi, kwani akitoka mchangani atahitaji nyumba pana. Watoto wake hukulia baharini, kwa hiyo hawezi kuzaliana Korogwe wala Handeni. Kama si kwa sababu ya msingi, mwacheni pwani.

Kaa wa mikoko, yule mkubwa anayeuzwa hai akiwa amefungwa kamba, si wa tangi la nyumbani. Anataka maji ya chumvi, anaweza kuzidi kilo mbili, na gando lake linaweza kuvunja kidole.

Neno kwa mfugaji

Chukua kaa mmoja tu, na umchukue kutoka mto wenye kaa wengi. Ukitaka kuwauza au kuwasafirisha, mwone kwanza afisa uvuvi wa wilaya. Ukichoka kufuga, mrudishe kwenye kijito kile kile ulichomtoa, na iwe tu kama hakuwahi kukaa na samaki au kaa wa mahali pengine, ili usipeleke magonjwa mtoni.

Na kwa walimu wa sayansi wa wilaya hizi mbili nina ombi. Gamba tupu ambalo kaa wenu amelikataa baada ya wiki mbili, likausheni kivulini na mliweke kabatini, likiandikwa tarehe. Mwaka ukiisha, kama kaa wenu ni mchanga, mtakuwa na safu ya magamba ya mnyama mmoja, kila moja likizidi lililotangulia, na wanafunzi watapima ukuaji kwa rula zao wenyewe. Hilo ni somo la biolojia lisilohitaji maabara ya gharama. Linahitaji ndoo iliyo wazi, maganda ya mayai, na uvumilivu wa kutomgusa kaa.